Rangi Isiyogeuka: Tathmini ya Manjano ya Devastator

1. Utangulizi

Uhakiki wa sanaa katika Kiswahili umejishughulisha kwa muda mrefu na ushairi, riwaya na tamthilia, na kwa kiasi kidogo uchoraji. Vitu vinavyotengenezwa viwandani, hasa vile vinavyotiwa mikononi mwa watoto, vimeachiwa wafanyabiashara na wazazi. Hata hivyo mtoto hukutana na umbo na rangi kabla hajakutana na shairi. Kichezeo kilichobuniwa kwa makini nacho kina hoja yake, na hoja hiyo yaweza kupimwa, kukubaliwa au kukanushwa kama ile ya kazi nyingine yoyote ya sanaa.

Makala haya yanachunguza kichezeo kimoja tu. Ni jitu liitwalo Devastator, yaani mharibifu, ambalo huundwa kwa kuunganisha roboti sita, na kila roboti kati ya hizo hugeuka kuwa gari la ujenzi. Jitu hilo liliuzwa Marekani mwaka 1985 katika mfululizo wa Transformers, likiwa la rangi ya kijani na zambarau. Mwaka 1993, katika mfululizo ulioitwa Generation 2, lilirudishwa sokoni likiwa la manjano na zambarau. Kalibu zilikuwa zile zile za zamani. Kilichobadilika ni rangi. Baadaye zikatoka pia nakala za rangi ya chungwa.

Swali linaloulizwa hapa si kama manjano yapendeza kuliko kijani, kwani jambo hilo laweza kubaki katika hiari ya kila mtazamaji. Swali ni hili: rangi mpya inalifanya umbo lile lile liseme nini, na je, inalisaidia au inalizuia kusema? Hoja itakayotetewa ni kwamba katika kichezeo kinachojigeuza, umbo hugeuka lakini rangi haigeuki. Rangi ndiyo shahidi pekee anayebaki mahali pake gari linapokuwa jitu. Kwa hiyo haitoshi rangi hiyo iwe ya kweli kwa gari. Sharti ifae maumbo yote mawili.

2. Kichezeo chenyewe

Vichezeo vingi vya kwanza vya Transformers havikubuniwa Marekani. Vilitoka Japani, katika mifululizo ya Diaclone na Micro Change ya kampuni ya Takara. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilivichukua, ikavipa majina, tabia na makundi mawili yanayopigana, Autobot na Decepticon, na kuvisindikiza kwa filamu za katuni na vitabu vya picha. Roboti sita zinazounda Devastator ziliitwa Constructicons, jina lililojengwa juu ya neno la Kiingereza lenye maana ya ujenzi. Zote ni za upande wa Decepticon, upande wa waovu, ambao alama yao huwa ya zambarau.

Kila moja ina kazi yake. Scrapper ni gari la kupakia udongo, Bonecrusher ni tingatinga, Scavenger ni mashine ya kuchimbua, Mixmaster ni lori la kuchanganya zege, Long Haul ni lori la tipa, na Hook ni winchi juu ya magurudumu. Zinapoungana, Scrapper na Mixmaster huwa miguu, Long Haul kiuno, Hook kifua na kichwa, Scavenger na Bonecrusher mikono. Mtoto aliweza kununua moja moja hadi atimize sita, au kuzipata zote pamoja katika boksi moja kubwa. Mpango huo wa biashara una matokeo katika sanaa yenyewe: kila roboti hapana budi itosheleze macho ikiwa peke yake, na pia ikubali kuwa kiungo tu cha mwili mkubwa zaidi. Rangi ndiyo iliyobebeshwa mzigo wa kupatanisha matakwa hayo mawili.

Yafaa pia kufafanua maana ya kusema kwamba kichezeo kimepakwa rangi upya. Usemi huo umezoeleka, lakini mara nyingi si sahihi. Sehemu kubwa ya kichezeo cha namna hii haipakwi kitu. Chembe za plastiki huyeyushwa zikiwa zimekwisha kutiwa rangi, kisha husukumwa ndani ya kalibu ya chuma. Rangi hupenya unene wote wa plastiki. Ukikwaruza manjano ya mwaka 1993 hutakuta kijani chini yake. Kijani kimo katika kumbukumbu ya mtazamaji tu. Aidha, vipande vinavyotoka pamoja katika kalibu moja kwa pigo moja huwa na rangi moja. Basi mipaka kati ya rangi na rangi haichorwi kwa uhuru kama mchoraji anavyochora kwenye turubai, kwa kuwa sehemu kubwa yake ilikwisha kuamuliwa na mafundi wa kalibu. Abadilishaye rangi huulizwa zaidi kundi hili la vipande litakuwa la rangi gani, na lile la rangi gani.

Sababu ya kiuchumi ya desturi hii ni bayana. Kalibu za chuma ni ghali, na gharama yake hulipwa polepole kwa kuzalisha vichezeo vingi. Kubadili rangi ni njia rahisi ya kupata bidhaa mpya kutoka katika kalibu ya zamani, na Generation 2 ilitumia njia hiyo mara nyingi. Lakini asili ya kibiashara haiondoi thamani ya kisanaa, wala haiithibitishi. Mafundi wa kanga nao hutumia umbo moja kwa rangi nyingi, na wanunuzi hawachoki kubishana ni ipi iliyofaulu.

3. Rangi na majina yake

Mhakiki atumiaye Kiswahili anapotaja rangi hukuta kwamba lugha yenyewe imekwisha kumwekea utaratibu. Rangi tatu tu ndizo zenye vivumishi halisi vinavyopatanishwa na ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Husemwa gari jeupe, magari meusi, kitambaa chekundu. Rangi nyingine karibu zote hutajwa kwa kuzihusisha na kitu: kijani na majani ya mti, manjano na kiungo kitiwacho katika chakula, zambarau na tunda la mzambarau, kijivu na jivu, chungwa na chungwa. Hali hiyo si ya Kiswahili peke yake. Brent Berlin na Paul Kay, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1969, walionyesha kwamba lugha zenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na hayo hayo: ya weupe, ya weusi na ya wekundu.

Wako wanaoihesabu hali hiyo kuwa umaskini, na katika mazungumzo ya mjini Lubumbashi majina ya Kifaransa husikika mara kwa mara pindi rangi zinapotajwa. Lakini kwa kazi ya uhakiki hali hiyo ni msaada. Msemaji wa lugha ambayo rangi zake zina majina yaliyojitenga na vitu huweza kusema rangi bila kufikiri juu ya kitu chochote. Msemaji wa Kiswahili huulizwa na lugha yake: rangi ya nini? Swali hilo dogo linafaa sana mbele ya kichezeo ambacho kazi yake yote ni kuwa kitu kimoja na kujifanya kingine. Linaweza kuulizwa kwa mpango wa rangi wa mwaka 1985, kisha kwa ule wa mwaka 1993, na majibu yakalinganishwa.

4. Mpango wa 1985: jani na zambarau

Kijani cha Constructicons za kwanza si kijani kizito cha mwembe. Ni kikali, chenye kung'aa, kinachoelekea manjano, kama jani changa la mgomba linapopenywa na jua. Zambarau iliyo pembeni yake ni nzito na baridi. Ukiuliza ni rangi za nini, jibu la lugha ni jani na tunda. Katika mti jozi hiyo ni ya kawaida. Juu ya tingatinga ni ajabu. Mashine ambayo kazi yake ya kwanza uwanjani ni kung'oa miti imevikwa rangi ya majani.

Si lazima kudai kwamba watengenezaji walikusudia kinaya hicho. Yatosha kwamba kimo katika kitu chenyewe na kwamba kinakubaliana na kisa. Katika kipindi cha katuni cha mwaka 1985 kinachosimulia siri ya Omega Supreme, Constructicons zinaonyeshwa zikiwa hapo kale wajenzi na rafiki zake, kabla Megatron, kiongozi wa Decepticon, hajazigeuza nia zao. Tangu hapo mikono iliyojenga ikawa mikono ya kubomoa. Kijani kisicho cha mashine yoyote ya kawaida kinaibeba historia hiyo bila kuhitaji maneno. Mtazamaji anaona gari la ujenzi, anaona pia kwamba gari hilo si sawa, kwamba kuna jambo limeingia ndani yake.

Kwa upande wa umbile, mpango huo una sifa ya pili. Magari sita yanatofautiana sana: moja lina shoka la udongo mbele, jingine mkono mrefu, jingine pipa la zege mgongoni. Hakuna mstari mmoja unaoyaunganisha. Kijani kimoja ndicho kinachoyafanya yaonekane ndugu hata yakiwa mbalimbali mezani, na yanapounganishwa jicho hukubali haraka kwamba mbele yake kuna mwili mmoja. Zambarau nayo inatawanyika katika mwili huo kama viungo na mapambo, ikikumbusha alama ya kundi. Tofauti ya mwangaza kati ya rangi mbili hizo ipo, lakini haizidi kiasi cha kuuvunja mwili vipande.

Ila mpango huo una kasoro, na kasoro yake ndiyo iliyoyapa manjano nafasi. Sifa iliyotangazwa ya Transformers ni kujificha. Roboti huchukua umbo la gari ili isijulikane. Gari la ujenzi la kijani kikali na zambarau halijifichi mahali popote. Likisimama katika uwanja wa kazi, mlinzi wa lango angeuliza limetoka wapi.

5. Mpango wa 1993: ukweli wa mashine

Manjano yanalijibu swali la mlinzi. Tangu mwaka 1931, kampuni ya Caterpillar ilipoacha rangi ya kijivu na kuanza kupaka mashine zake manjano, rangi hiyo imekuwa karibu sare ya kazi ya udongo duniani. Watengenezaji wengine, kama Komatsu wa Japani, nao wameifuata. Sababu iliyo wazi ni usalama: mashine kubwa inapaswa kuonekana kutoka mbali, hata ndani ya vumbi. Katika Katanga maelezo hayo hayahitajiki. Neno katapila limekwisha kuwa la Kiswahili, na mtoto aliyekulia karibu na migodi ya wazi ya Kolwezi ameona manjano hayo yakipanda na kushuka kingo za shimo kabla hajajua kusoma. Hata rangi ya chungwa ya nakala zilizofuata ina wenzake katika ulimwengu wa kweli, kwani mashine za Hitachi za kuchimbua huwa na rangi hiyo.

Basi ukiuliza manjano ya mwaka 1993 ni rangi ya nini, jibu halirudi kwenye kiungo cha mchuzi. Jibu ni: rangi ya katapila. Jina la rangi limepata kitu kipya cha kujihusisha nacho. Katika umbo la gari, kila moja ya roboti sita imefaidika. Scavenger ya manjano ni mashine ya kuchimbua kwelikweli, na Bonecrusher ya manjano ni tingatinga ambalo mtoto anaweza kulisukuma katika mchanga bila kukumbuka hata kidogo vita vya Autobot na Decepticon. Ubunifu wa umbo, ambao kijani kiliufunika kwa ajabu yake, sasa unasomeka vizuri zaidi: jicho halishughuliki tena na rangi, linakwenda moja kwa moja kwenye magurudumu, minyororo na madishi.

Hapa yafaa kuondoa kosa moja linaloweza kujitokeza. Haifai kusema kwamba manjano yalichaguliwa kwa mashine kwa kuwa yanaonekana na kijani hakionekani. Wakati wa mchana jicho la binadamu lina wepesi mkubwa zaidi kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 555 hivi, nao ni mwanga wa kijani kinachoelekea manjano. Kijani kikali cha mwaka 1985 hakiko mbali na hapo. Tofauti kati ya mipango miwili haihusu kuonekana. Inahusu mazoea: manjano yanaonekana na kupita, kwa sababu yamezoeleka, kijani kinaonekana na kusimamisha.

6. Kikulacho ki nguoni mwako

Mtetezi wa manjano anaweza kwenda mbali zaidi, na hoja yake ni nzito. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Adui anayetisha si yule avaaye ajabu. Ni yule avaaye nguo za kazi kama wewe, aingiaye langoni asubuhi pamoja na wafanyakazi wengine, asiyeulizwa jina. Kama Constructicons ni waharibifu waliojivika umbo la wajenzi, basi manjano yanakamilisha hila yao, na kijani kiliwasaliti. Kwa mtazamo huo mpango wa mwaka 1993 si wa kibiashara tu. Unaelewa wazo la msingi la mfululizo kuliko mpango wa kwanza ulivyolielewa.

Hoja hiyo ingeshinda, lau si zambarau. Katika mpango mpya, kijani kiliondolewa na manjano yakawekwa mahali pake, lakini zambarau iliachwa ilipokuwa. Nayo haijifichi ndani ya mwili na kutokea tu jitu linapoinuka. Inaonekana pia wakati roboti ziko katika umbo la gari. Matokeo yake ni mfanyakazi aliyevaa sare kamili ya mgodi na kofia ya mfalme wa vikaragosi. Ama ajifiche, ama ajidhihirishe. Hapa anafanya nusu ya kila moja.

Tena, zambarau hiyo hiyo haina tabia ile ile mbele ya manjano kama iliyokuwa nayo mbele ya kijani. Michel-Eugène Chevreul, mkemia wa Kifaransa aliyesimamia idara ya rangi za nguo katika kiwanda cha Gobelins, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1839 kwamba rangi mbili zikiwekwa ubavu kwa ubavu kila moja hubadilisha sura ya mwenzake, na kwamba zile zinazokabiliana katika duara la rangi huchocheana zaidi. Katika duara la wachoraji, manjano na zambarau hukabiliana. Zaidi ya hayo, manjano ndiyo rangi yenye mwangaza mwingi kuliko zote katika duara hilo na zambarau ndiyo yenye mwangaza mdogo. Kwa hiyo tofauti yao ni mara mbili, ya rangi na ya mwangaza. Zambarau iliyokuwa ikikaa ndani ya kijani kama tunda ndani ya majani, sasa inaruka mbele na kupiga kelele.

Ni hapa uamuzi wa mwaka 1993 unapoonekana kuwa wa woga. Ulithubutu kuondoa rangi kuu, ukaogopa kugusa rangi ya pili. Na lawama hiyo haiwezi kutupwa juu ya kalibu. Ni kweli kwamba mpaka kati ya rangi mbili ulikwisha kuwekwa na mafundi wa awali. Lakini kubadilisha kundi zima la vipande kutoka zambarau hadi nyeusi au kijivu kungefuata mpaka ule ule, na kusingehitaji kalibu mpya. Madishi, minyororo na mikono ya mashine za kweli mara nyingi huwa nyeusi au ya kijivu cha chuma kilichochubuka. Zambarau ingeweza kubakizwa katika alama ndogo ya kundi peke yake. Hapo mtoto angekuwa na gari la ujenzi lisilo na dosari, na angehitaji kulitazama kwa karibu kabisa ili agundue ni la nani. Methali ingetimia.

7. Jitu: mmoja au sita?

Hadi hapa yamejadiliwa magari. Lakini kichezeo hiki kinauzwa kwa ajili ya jitu, na jitu ndilo jaribio la mwisho.

Devastator ya kijani ni mwili. Mtazamaji huona kwanza mabega, kifua na miguu. Magurudumu na madishi huja baadaye, kama kovu za asili yake. Devastator ya manjano ni lundo la mashine lililosimama. Kwa kuwa manjano yanaashiria katapila kwa nguvu sana, kila kiungo kinaendelea kujitaja: huu ni mguu, lakini ni lori la zege; huu ni mkono, lakini ni tingatinga. Zambarau zinazoruka mbele zinaonyesha mahali kila kipande kinaposhikana na mwenzake. Jicho linahesabu, na kila linapohesabu linapata sita.

Mtetezi wa manjano bado ana jibu. Maelezo ya mhusika yaliyotolewa pamoja na kichezeo yanasema kwamba akili ya Devastator ni muungano wa akili sita, na kwamba haliwezi kutenda ila lile ambalo wote sita wamekubaliana. Nguvu yake ni kubwa na fikra yake ni nzito, kwa sababu ndani yake kuna mabishano. Basi je, jitu linaloonekana kuwa sita halisemi ukweli zaidi kuliko jitu linaloonekana kuwa moja?

Jibu linategemea kazi ya rangi katika kichezeo cha aina hii. Umbo tayari linasema sita. Hakuna rangi itakayoweza kuficha kwamba kifua kimetokana na winchi na kiuno kimetokana na lori. Kile ambacho umbo haliwezi kukisema peke yake ni umoja. Rangi ikirudia neno lililokwisha kusemwa na umbo, inakuwa mashairi yenye kina kimoja kilichotungwa mara mbili. Kijani kinasema neno la pili: kwamba sita hawa, pamoja na mabishano yao, wamekuwa kitu. Kati ya neno la umbo na neno la rangi ndipo msiba wa Devastator ulipo, mmoja asiyeweza kuwa mmoja. Katika manjano neno la pili halisikiki.

Filamu ya mwaka 2009, Transformers: Revenge of the Fallen ya Michael Bay, iliusogeza mfano huo hadi mwisho wake. Humo mashine zinazounda Devastator zina rangi mbalimbali, kila moja rangi ya mashine ya kazi. Jitu linalopanda piramidi ya Giza ni marundo ya vyuma yanayotambaa kwa miguu minne. Picha hiyo inatisha, na inafaa filamu ambayo haikutaka jitu lenye uso wa mtu. Lakini haina nafsi, na hilo ndilo tunda la kuipa kila sehemu ukweli wake bila kuutafutia mwili mzima ukweli wake. Hasbro ilipotengeneza upya Devastator kubwa mwaka 2015, ikiwa na kalibu mpya na uhuru wote wa kuchagua, ilirudi kwenye kijani na zambarau. Inawezekana kwamba kumbukumbu za wanunuzi waliokuwa watoto mwaka 1985 zilichangia. Lakini kumbukumbu nazo zina sababu. Watu hawakumbuki kila rangi waliyowahi kuiona.

8. Hitimisho

Tathmini ya rangi mpya ya Devastator haiwezi kuwa ya neno moja. Kwa roboti zikitazamwa moja moja, katika umbo la gari, manjano ya mwaka 1993 ni bora kuliko kijani. Yanaheshimu ubunifu wa umbo, yanarudisha wazo la kujificha, na yanakiweka kichezeo katika ulimwengu ambao mtoto anaujua. Kasoro yake hapo ni zambarau iliyoachwa bila kufikiriwa, na kasoro hiyo ilikuwa na dawa. Kwa jitu, manjano yameshindwa, na ushindi wa kijani hautokani na mazoea tu.

Sababu ya ndani ya kushindwa huko ndiyo fundisho la mfano huu. Gari la ujenzi lina rangi yake ya kweli; jitu halina, kwa sababu hakuna aliyewahi kuliona. Rangi iliyo ya kweli kabisa kwa gari imekwisha kutumia maneno yake yote kabla jitu halijainuka. Rangi isiyo ya kweli kwa gari, kama kijani kile cha jani changa, huacha swali ndani ya gari, na swali hilo hupata jibu umbo linapogeuka. Mtoto aliyeshika tingatinga la kijani anajua tayari kwamba mambo hayajaisha.

Kwa wanafunzi wa uhakiki, yapo mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni kwamba nakala si lazima iwe pungufu ya asili. Manjano yalikiona kitu ambacho kijani hakikukiona, na mhakiki anayeikataa nakala kwa kuwa ni nakala anajinyima maarifa hayo. La pili ni kwamba lugha inayotaja rangi kwa vitu ina kazi ya kufanya katika uwanja huu, pamoja na lugha nyingine zilizotangulia kuingia. Penye rangi iliyobadilishwa, swali la kwanza bado ni lile lile ambalo Kiswahili humfundisha msemaji wake bila mwalimu: ni rangi ya nini?